Kamulango Katika Tumbo la Simba

Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Fundi wa kuchomelea asiyeuona mshono wake ni mtu wa hatari, na mimi siku hizi nikitazama taa moja naona mbili, katikati ukungu. Basi nimeweka chini koleo na kioo cheusi. Ninyi vijana wa atelie, karakana yetu ya Birere, mlinishika mkono siku ile mkasema, "Papa Kambale, usiende na mambo yote kichwani, tuandikie." Haya, naandika. Ya vyeo sitaandika, maana kwetu cheo kikubwa kilikuwa kuwa na kioo chako mwenyewe, siyo cha kuazima. Ya mshahara nayo tuyaache, nisiwaharibie hamu ya kula.

Niliingia Goma nimekaa juu ya magunia ya maharage kutoka Butembo, kijana wa Kinande aliyeshindwa biashara. Kwetu kijana asiyeweza biashara anatazamwa kama mgonjwa, ndugu wanamwuliza mama yake kwa sauti ndogo tatizo lilianza lini. Ulikuwa mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka, mji ukajaa mpaka kwenye ngazi za kanisa, na kila mwenye nyumba akataka mlango wa chuma. Hofu ni mteja mzuri, haiombi kupunguziwa bei. Ndivyo nilivyopata kazi kwa muzee Ramazani.

Muzee Ramazani alikuwa Mwislamu, babu zake walitoka Maniema na misafara ya biashara wakabaki. Alivaa kofia nyeupe iliyotobolewa na cheche mpaka ikafanana na chujio la chai. Siku ya kwanza nilifikiri atanipa koleo. Wapi! Alinituma barabarani. "Leo kazi yako ni kubisha hodi," aliniambia. "Nenda kwa kila portaye ya avenyu hii, gonga, halafu urudi uniambie umesikia nini." Portaye ni lango kubwa la gari, ninyi mnajua. Nilizunguka asubuhi nzima nikigonga malango ya watu na kuomba radhi. Kwa mmoja nilimwagiwa maji machafu. Niliporudi nikamweleza: hili linalia kama sufuria, lile kama kengele, lingine halilii kabisa. Akauliza, "Lile lisilolia, walikufungulia?" Nikasema hapana, hawakunisikia. "Njo hivyo," akasema. "Portaye yenye haisikiki ni ukuta tu."

Namna yake ya kufanya kazi sijaiona kwa fundi mwingine. Katika kila lango kubwa mnajua tunakata kamulango, ule mlango mdogo wa mtu wa miguu. Mafundi wengine wanatengeneza lango zima kwanza, halafu wanatafuta pa kukata. Muzee Ramazani alianza na kamulango. Alikachomelea kakiwa peke yake, fremu na bawaba na komeo, akakasimamisha katikati ya atelie bila ukuta wowote, akasema bismillahi akapita ndani yake. Ndipo akaanza kulijenga lango kubwa kukazunguka. Wateja walicheka kuona mzee anapita mlangoni mahali pasipo na nyumba. Yeye aliwajibu, "Gari inapitaka mara moja kwa siku. Mutu anakuja kila saa. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mengine aliyonifundisha mnayajua kwa kuwa nimewapigia kelele nayo. Chuma cheusi ni mwongo, kinaweza kuwa cha moto na kisiseme. Usishike kipande kabla hujakitemea mate. Mawe ya karbire, yanayotoa gesi yakikutana na maji, yakae mbali na mvua na mbali na mvuta sigara. Na shalimo, ule mdomo wa moto unaokata chuma, usiuwashe kama hujatazama sindano ya kipimo cha chupa ya oksijeni, maana oksijeni ikikuishia katikati ya kazi unabaki na chuma kisicho kizima wala kilichokatwa. Hilo la mwisho mlishike.

Vita vilikuja, vikaenda, vikarudi na majina mapya. Lava ikapita katikati ya mji, ikapoa, tukajenga kuta kwa mawe yaleyale yaliyotuchomea nyumba. Watu wa Goma ni hivyo. Halafu fedha ya madini ikaanza kuonekana, na ilipoonekana ilikimbilia Keshero, karibu na ziwa, ikapanda ghorofa. Hapo kazi yetu ikabadilika. Zamani mtu alitaka lango lisilovunjika. Sasa alitaka lango ambalo jirani akiliona asipate usingizi. Tulichomelea tai wenye mabawa. Tulichomelea paa wenye pembe ndefu, ingawa sijui ni nani Goma aliyewahi kuwaona. Mteja mmoja alituandikisha kwa herufi za chuma "Ni Mungu Aliyenipa," juu kabisa, kana kwamba kuna mtu alikuwa amemshtaki.

Na barabara hiyohiyo ya Keshero ndiyo iliyopitisha watu waliohamishwa na vita kuelekea kambi za upande wa Lac Vert. Mama anapita na godoro kichwani, mtoto mgongoni, mbuzi kwa kamba, na sisi tuko juu ya ngazi tunapaka tai rangi ya dhahabu. Mara nyingine walisimama wakatazama. Mimi niligeuza uso upande wa kazi, maana ukitazamana na mtu wa namna hiyo ukiwa na brashi ya dhahabu mkononi, utasema nini?

Sasa nije kwa Papa Gloire.

Papa Gloire alikuwa mfanyabiashara wa madini, mtu mnene, mkarimu kwa waliokuwa mezani pake, mwenye mnyororo wa dhahabu shingoni ambao ungeweza kufunga ng'ombe. Binti yake wa kwanza aliitwa Gloire, na jina hilo baba alilichukua kwa moyo wote. Alikuja atelie na gari la vioo vyeusi, akafungua mikono kama mvuvi anayeeleza samaki.

"Muzee, nataka portaye yenye haiko Goma. Simba mukubwa, kichwa hapa, mukia kule. Dhahabu mwili muzima. Ya kusukumwa na mota, nikibonyeza telekomande ndani ya gari, inaenda yenyewe."

Muzee Ramazani akauliza, "Kamulango unataka upande gani?"

"Hakuna kamulango."

"Mutu wa miguu atapita wapi?"

Papa Gloire akacheka. "Muzee, nitatoboa simba tumbo juu ya watu wa kuomba chumvi? Kila siku ko! ko! ko! Shangazi wa nani, jirani wa nani, mukimbizi wa wapi. Nimechoka na hodi. Mwenye ananijua ana namba yangu ya simu."

Muzee alisafisha mikono kwa kitambaa. Kisha akasema kwa adabu kabisa, "Patroni, hiyo kazi mimi siiwezi. Sijui kuanza portaye bila kamulango. Mukono wangu hauanzii kwingine." Papa Gloire akanigeukia mimi. Nami niliweza.

Nawaambia kweli, niliipenda kazi ile. Msinitazame hivyo. Nilichora simba kwa chaki sakafuni, nikamkata bamba kwa bamba. Kichwa na kifua nilivitia mabamba mawili ili manyoya yainuke, kila unyoya nikaupinda kwa nyundo ndogo. Tumboni bamba moja lilitosha. Nilipomaliza, mnyama yule alikuwa na macho ya kukufuata. Muzee alikuja kumwona, akamzunguka, akagonga kwa kidole. "Fundi umekuwa," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini halilii." Akaenda zake kuswali.

Papa Gloire aliliandalia lango sherehe. Ndiyo, sherehe ya lango. Mahema, muziki, mishikaki, wanawake wamevaa vitenge vya sare vyenye picha ya simba. Akasimama barabarani na telekomande, akabonyeza, lango likateleza likafunguka, watu wakapiga makofi. Akabonyeza likafungwa, makofi. Akafungua, akafunga, akafungua, mpaka mkewe Mama Gloire, aliyekuwa na mimba changa bado, akasema, "Papa Gloire, utaichosha." Mumewe akammwagia simba shampeni kichwani. Ilichuruzika mpaka chini barabarani, na pale kando watu waliokimbia vita kutoka Kibumba walikuwa wanapita na mizigo, wakaikwepa ili wasiteleze. Hakuna aliyewaambia karibu, maana walioalikwa walikuwa wamekwisha kuingia.

Kulikuwa na ufunguo mmoja. Mota ikifa, unaingiza ufunguo huo ndani ya mota, unalegeza meno yake, unasukuma lango kwa mkono. Nilimwambia aniache nimchongee wa pili amwachie mkewe au sentineli, mlinzi wa nyumba. Hakutaka. Alisema ufunguo wa pili ndio mwizi wa kwanza. Akautia kwenye mnyororo wake wa dhahabu, ukang'aa pamoja na msalaba.

Miezi ikapita. Siku vita vilipoingia mjini ilikuwa mchana, jua kali, na mabomu yalikuwa yakisikika toka upande wa Kibumba tangu asubuhi. Tulifunga atelie. Nilikuwa chini ya meza ya kazi, na Maombi, mwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, aliyetubebea vyuma, alikuwa chini ya meza hiyohiyo akisali kwa sauti. Simu ikalia. Ilikuwa Papa Gloire. Alikuwa Bukavu, alikwenda na boti juu ya mambo ya biashara, na sasa boti hazisafiri tena.

"Fundi! Fundi Kambale! Portaye imekufa!"

"Papa Gloire, vita iko mjini, na wewe unaniambia portaye?"

"Umeme umerudi na nguvu, umeunguza mota. Muke wangu uchungu umemushika. Iko ndani na Gloire na sentineli tu. Dereva alitoka asubuhi, hakurudi. Hawawezi kutoka, fundi. Hawawezi kutoka!"

"Ufunguo?"

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake watu wa bandarini wakibishana.

"Niko nayo hapa. Kwa shingo," akasema. Kisha mwanaume yule mnene akalia kwenye simu kama mtoto.

Mnaijua nyumba ile. Ukuta wa mawe ya lava unapita ghorofa ya kwanza, juu waya wa wembe, na chini ya waya vipande vya chupa, kama mtu angefika huko na kuhitaji kukatwa zaidi. Ngazi isingemsaidia mwanamke mwenye uchungu. Ilibidi chuma kikatwe. Umeme ulikuwa umekatika tena, kwa hiyo mashine ya kukata hakuna. Ilibaki shalimo. Nilitazama sindano ya chupa ya oksijeni. Ilikuwa imelala karibu na sifuri.

"Maombi," nikasema, "chukudu yako iko wapi?"

"Papa, usinifanyie hivyo."

"Kuna mama anazaa."

Akatukana kwa Kihunde, akaomba Mungu msamaha, akatoka chini ya meza.

Tuliilaza chupa juu ya chukudu, tukaifunga kwa mnyororo, na pipa dogo la gesi nyuma yake. Chupa ya oksijeni ikipigwa risasi hakuna wa kuzikwa, mnaokotwa kwa ufagio. Jambo hilo nililijua vizuri kuliko Maombi, na sikumwambia. Barabara ilikuwa imejaa watu wakikimbilia magharibi. Sisi tulisukuma pamoja nao. Kila risasi ilipolia watu wote waliinama, nasi tuliinama juu ya chupa, kana kwamba mwili wa mtu unazuia kitu. Jasho lilinitoka mpaka viatu vikateleza. Nilikuwa na hofu, vijana, hofu ile ya kukausha mate.

Tulipofika kwa Papa Gloire tulikuta watu wamejibanza chini ya ukuta wake, wanawake wengi, watoto, wazee, mizigo yao ya kubeba kwa kamba ya paji la uso imewekwa chini. Walikuwa wa Kibumba. Risasi zilikuwa zinapita juu ya barabara zikitokea njia panda, na ukuta ule ndio kivuli pekee walichopata. Simba alikuwa juu yao aking'aa. Walikuwa wamegonga lango, nikaambiwa, wamegonga mpaka wamechoka. Halilii.

Kwenye tundu la kibanda cha mlinzi niliona macho ya sentineli, mzee Bahati. "Fundi, ni weye? Fanya mbio! Mama anapiga kelele!" Nami nilimsikia. Sauti ya Mama Gloire ilikuwa inatoka nyumbani, inapita ua wote, inapita chuma. Na kando yake kasauti kadogo ka Gloire kakiita mama, mama.

Niliweka mdomo wa shalimo mbele ya simba wangu. Kichwani na kifuani, mabamba mawili, gesi isingefika popote. Tumboni, bamba moja. Lakini hata pale sikuwa na gesi ya mlango wa mtu aliyesimama. Nilichora kwa chaki kamulango kafupi, ka kufika kiunoni, nikawasha.

Cheche zikaruka. Wanawake wakawafunika watoto macho kwa vitenge bila kuambiwa. Nilikata upande wa kushoto, nikapanda, nikageuka juu. Dhahabu iliungua ikatoa moshi wa kunuka. Maombi alikuwa anashika chupa na kunisomea sindano. "Inashuka, papa. Inashuka. Papa, inashuka." "Nyamaza!" "Umesema nisome!" Nilimaliza juu, nikaanza kushuka kulia. Bomu likaanguka upande wa ziwa, ardhi ikatikisika, mkono wangu ukaruka na mkato ukaenda mshazari. Hata leo mshazari ule upo. Nikarudi kwenye mstari. Nilipofika nusu ya upande wa kulia, moto ukakohoa, ukawa wa njano, ukalegea.

"Imefika sifuri," akasema Maombi, polepole sasa.

Bamba lilikuwa bado limeshika, nusu ya kulia na chini yote. Nilipiga teke, likaniunguza kiatu. Ndani Mama Gloire alipiga ukelele ambao hata risasi zilionekana kuunyamazia. Nami nilitaka kukaa chini nilie, nisifiche. Nilikuwa nimelitengeneza lango lile vizuri mno.

Mama mmoja alikuwa nyuma yangu, mfupi, mwenye mikono ya kulima. Akauliza, "Papa, hii ikivutwa haiwezi kupinda?" Nilimtazama. Nikafungua mnyororo uliofunga chupa, nikapinda kona ya juu ya bamba kwa koleo, nikaunasisha hapo. Wale wanawake wakafungua kamba za mizigo yao, zile zinazobeba magunia ya viazi kutoka mashambani, wakazifunga kwenye mnyororo. Hakuna aliyetoa amri. Mmoja akahesabu kwa Kinyarwanda, wakavuta. Bamba likalia. Wakavuta tena. Risasi ikapiga ukuta juu yetu, unga wa mawe ukatumwagikia, na hakuna aliyeachia kamba. Mara ya tatu tumbo la simba likafunuka kama kifuniko cha kopo.

Mzee Bahati alichungulia kwenye tundu akiwa na rungu. "Mama peke yake atoke! Patroni alisema mutu asiingie!"

"Atoke aende wapi?" nikamfokea. "Huoni barabara? Hospitali iko ng'ambo ya risasi!" Hapo ndipo nilipoelewa mwenyewe nilichokisema. Nilikuwa nimekuja kumtoa Mama Gloire, na hapakuwa na mahali pa kumpeleka. Nikawageukia wale wanawake. "Nani hapa anajua kuzalisha?"

Wakatazamana. Wengine walicheka, nawaapia, walicheka katikati ya vita. "Papa," akasema yule mfupi, "Kibumba hospitali ni mbali. Nani hapa hajui?"

Mzee Bahati aliangalia rungu lake, akaangalia nyumbani kulikotoka sauti, akaliweka chini. "Muinamie kichwa," akasema, "chuma ni cha moto."

Aliingia yule mfupi, Mama Sifa, na wenzake wawili. Kisha, kwa kuwa risasi zilizidi, wakaingia wote. Nilishika kitenge chenye maji kwenye ukingo wa juu ili wasiungue vichwa, na walipita chini ya mkono wangu mmojammoja, wameinama, na watoto, na mizigo, na mbuzi. Wakajaza ua wa vigae vinavyong'aa. Mbuzi walikunywa kwenye chemchemi ya marumaru. Mzee mmoja aliketi kwenye kiti cha bustani chenye miguu ya dhahabu, akakikagua, akahamia chini.

Nilibaki nje ya mlango wa nyumba na Gloire mapajani. Tulisikia Mama Sifa ndani akisema neno moja tu, tena na tena, lile la Kinyarwanda la kumtia mtu nguvu. "Komera, mama. Komera. Komera." Gloire alinishika kidole akauliza kama mama atakufa. Nikamwambia asikilize vizuri. Tukasikiliza. Halafu kitu kidogo kikalia kwa hasira, na ua mzima, watu wale wote wasio na nyumba, wakapiga vigelegele.

Papa Gloire alirudi siku boti ziliporuhusiwa. Watu wa Kibumba walikuwa wameondoka, wakiwa wamefagia ua. Aliniita. Nilikwenda na mashine, maana nilijua atakachotaka. Simba alikuwa na tundu jeusi tumboni, kingo zimechongoka, upande mmoja mshazari. Kitu kibaya kabisa kukitazama.

"Fundi, Mungu akubariki," akasema, macho yamemjaa. "Nitakushukuru mpaka kufa. Sasa funga hiyo kitu, uitie dhahabu, isionekane."

Nilipofika langoni, Mama Gloire alikuwa ameleta kiti cha plastiki akakiweka ndani ya lile tundu lenyewe, ameketi, mtoto kifuani.

"Unipishe, mama, nifanye kazi," nikasema.

"Fanya," akajibu. "Utuchomelee humuhumu, mimi na mutoto."

Papa Gloire akaja. "Mama Gloire, toka hapo, watu wanatuona."

"Waone. Siku ile niligonga hii chuma kwa ndani mpaka mikono ikatoka damu. Wao waligonga kwa nje. Weye ulikuwa na ufunguo shingoni." Hakupandisha sauti. "Sitoki."

Mkono wa Papa Gloire ukapanda kwenye mnyororo, ukashuka. Nilitazama chini, nikajifanya natafuta elektrodi. Mwishowe akasema, "Basi tia bawaba." Nikaanza kupima. Nilipokuwa nimekwisha kugeuka akaongeza, "Lakini upake dhahabu." Hakuwa malaika, Papa Gloire, na mtu habadiliki mwili mzima kwa siku moja.

Muzee Ramazani, alipokuwa bado hai, nilimpeleka akaone. Aligonga kwa kidole kwenye kamulango, kakalia vizuri. Akasema bismillahi akapita, kofia yake ikakwama juu, ikabaki mkononi mwangu. "Fupi mno," akalalamika kutoka ndani. "Nani alikupimia?" Nikamwambia, oksijeni. Akacheka mpaka akakohoa. Neno hilo lilikuwa zawadi yangu ya mwisho kwake, wasingya muzee, ndiyo asante ya kwetu.

Kuhusu mtoto: baba alikuwa ameandaa jina Diamant. Mama yake aliandikisha Komera.

Juzi, kabla ya kuwarudishia funguo za atelie, nilipita Keshero. Vita vingine vipo, mnajua, na njia ya Lac Vert imejaa tena. Simba wa Papa Gloire bado yuko, manyoya yamefifia, hakuna tena anayempaka. Kwenye kamulango, pale mikono inapogonga, dhahabu imekwisha yote, chuma kimebaki cheupe kama sarafu ya zamani. Nikagonga. Kulikuwa na sauti nyingi za wageni ndani, na harufu ya maharage ya sufuria kubwa. Komeo likavutwa, akachungulia msichana, Komera yule, mwenye meno mawili yaliyong'oka, mkaidi, kibonge kama baba yake.

"Ni nani?"

"Ni mimi, fundi."

Akanitazama jinsi nilivyosimama, mzee niliyenyooka mbele ya lango, nikitafuta kwa macho yangu mabovu mahali pa kupita.

"Inama, papa," akasema. "Hapa kila mutu anainamaka."